Mhunzi Aliyeogopa Mikono Yake

Baba yangu mkubwa, Fanueli, alikuwa mhunzi pekee aliyebaki upande wetu wa Vudee. Kwa miezi minne alilala kwenye kibanda chake cha uhunzi, hatua thelathini kutoka dirisha la mkewe mgonjwa. Kijiji kizima kilimsema. Mimi nilimsema kuliko wote, na kosa lilikuwa langu.

Mama mkubwa, Ernesta, alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi Moshi, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa, vikiwemo vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu alikuwa akivuja. Watoto wao wawili wako mbali. Mmoja yuko Mwanza, mwingine hatujui. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na wazee wawili tu na ukungu wa milimani.

Mimi ni mtu wa maabara, mjini Same. Kazi yangu ni kuchungulia damu za watu kwenye hadubini. Ukoo unaniita daktari, nami, kwa aibu yangu, sikatai.

Krismasi ile nilipanda kuwasalimia. Baba mkubwa alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Honorata mwanangu, hiki kitu kinachomla mama yako, chenyewe kinakula nini?"

"Kinakula chuma, Baba."

Akaacha kupukuchua. Nami nikafurahi, maana wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoka kwenye semina na kichwa kilikuwa kimejaa. Nikamweleza kwamba seli za saratani zina njaa ya madini ya chuma kuliko seli nyingine, zinayafakamia, na ndiyo sababu mojawapo zinakua kwa kasi. Nilikuwa nakwenda kwenye sehemu tamu. Chuma hichohicho kinaweza kuiua seli, kwa kuyachakaza mafuta ya ngozi yake kama kutu inavyokula jembe, na seli inapona tu kwa sababu ina kinga yake. Watafiti wanatafuta dawa ya kuivunja kinga hiyo, ili saratani iuawe na kile ilichokila. Bado ni mambo ya maabara, sikuwa na la kumwahidi. Ila sehemu hiyo yote sikuifikia, kwa sababu simu yangu iliita, nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Niliporudi mahindi yalikuwa yamekwisha na yeye hayupo. Nikasahau.

Kesho yake alizima moto wake.

Kwa miaka hamsini alikuwa amefua springi za magari kuwa majembe na miundu. Viganja vyake vilikuwa na mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Chembe za chuma zilikuwa zimeingia hadi ndani ya ngozi. Aliitazama mikono ile akaona chakula cha ugonjwa. Alitoa jikoni kikaango cha chuma alichokifua mwenyewe. Alikwenda zahanati kuuliza vile vidonge vina nini, muuguzi akamjibu kwa nia njema, madini ya chuma. Akavificha. Kisha akajitoa na yeye mwenyewe.

Jirani yao Elinaza ndiye aliyemwogesha Mama mkubwa na kumlisha. Baba mkubwa alichota maji, akapasua kuni, akaviacha mlangoni. Mama alipomwita aje akae naye, alijibu kutoka uani, "Nina kazi." Na nyundo haikusikika. Mama alilala pale akisikiliza kimya cha kazi hiyo.

Hakumwambia sababu. Kwanza alihofia kumtisha. Pili, nadhani aliona haya kumwambia mkewe kwamba huenda ni yeye aliyemlisha ugonjwa miaka yote.

Kila mwezi nilipopanda, Mama mkubwa aliniagiza kitu kimoja tu, sabuni ya kunukia. Nilimletea za waridi, za limau, za mdalasini. Sikujiuliza. Ni Elinaza aliyeninong'oneza kwamba anaoga mara nne kwa siku katika baridi ile. Saratani ya aina ile hutoa harufu, naye alijua. Aliamini mumewe ameikimbia. Nililia kwa hasira, nikaapa sitamsalimia tena mzee yule.

Aprili nilimkuta Mama mkubwa na viganja vyeupe kama unga, damu imemwishia.

"Vidonge vya damu unameza, Mama?"

"Baba yako anasema viliisha."

Nikaenda kibandani. Nilitoa shikamoo, maana adabu haifi hata mtu akiwaka, kisha nikafoka. Alifungua kopo na kunionyesha vidonge vyote, havijaguswa. "Sitaki kuilisha," akasema. "Wewe si uliniambia?"

Nikakaa kwenye fuawe, lile pande la chuma analofulia, na kumweleza nusu niliyoiacha. Nikaongeza kwamba chuma cha mikononi hakimwingii mtu kwa kuguswa, na kwamba mama alihitaji vile vidonge kwa ajili ya damu yake. Sikumficha pia kwamba ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na vidonge visingeuzuia. Vingempa nguvu tu.

Aligeuza viganja vyake juu. "Kwa hiyo mikono yangu haina kosa?"

"Haina, Baba. Kosa ni langu."

Alikwenda mlangoni kwa mkewe. Mama mkubwa alipomwona alivuta shuka hadi shingoni. "Usiingie, Fanueli. Chumba kinanuka."

Akaingia. Alimweleza yote, akikwamakwama, kama mtoto aliyevunja chungu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Miezi minne," akasema. "Mimi nikidhani umenichoka." Kisha akatoa mkono nje ya shuka, akaukamata wa mumewe.

Nilianza kumpa vidonge siku ileile. Tulikuwa tumechelewa. Alikufa baada ya siku kumi na moja, na kwa siku hizo zote hakuuachia mkono ule isipokuwa kwa lazima. Chakula kilipoletwa, Baba mkubwa alikula ugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo angemchapia mtoto yeyote wa ukoo wetu, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshikwa.

Hajanilaumu hata siku moja. Ningepumua kidogo kama angenilaumu.

Juzi nilimpelekea chakula. Yuko peke yake sasa, hata Elinaza haji tena. Alinawa mikono yote miwili, akaulaza wa kulia juu ya kiti kitupu kilichokuwa kando yake, akala kwa wa kushoto. Sikumkosoa.