Pale Wimbo Unaponyamaza

Harufu ya ulimbo ndiyo iliyonirudisha. Mbele ya ukumbi hapa Ujiji, vijana wanne walikuwa wanasugua ulimbo kwenye nyuta za mazeze yao, tayari kupiga nyimbo za babu yangu, ambaye hawakuwahi kumwona.

Nikawa tena mtoto, nyayo zikiungua kwenye mchanga wa Mwamgongo. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru kwenye dagaa walioanikwa, na babu akipiga zeze kivulini. Wimbo wake mmoja ulikuwa na mahali patamu mno, na kila ukifika hapo mimi nilisahau kazi. Uta wake ulisimama.

"Mke wangu, kunguru hao," aliniita, kama mababu wanavyowaita wajukuu.

Nilikimbia nikipunga khanga, ndege wakaruka, naye akaendelea.

Ukumbini, kijana mmoja alieleza. "Katikati hapa mzee alikuwa ananyamaza kidogo. Walimu wetu walinyamaza, na sisi tunanyamaza. Maana yake hatuijui, ila bila hapo wimbo si wake."

Walipiga. Walipofika pale, nyuta nne zilisimama pamoja, na ukumbi mzima ukatulia.

Mimi nilikuwa nimeshainuka, khanga mkononi.