Kadi Bila Sindano

Mimi ni mtu wa kushuku. Zamani nilikuwa nalisema hili kwa kujivuna, siku hizi nalisema tu ili ujue unaongea na nani. Nimeuza mahindi na maharagwe Busia kwa miaka mingi, pande zote mbili za mpaka, na kazi hiyo haimwachii mtu nafasi ya kuamini amini. Mkulima atatoka Kisoko na gunia lake: juu mahindi meupe yanang'aa, katikati yameota ukungu, chini ni makapi. Na anakutazama usoni akitabasamu. Ndiyo maana natembea na bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho ukilidunga gunia ubavuni kinakutolea punje za ndani. Gunia nisilolidunga silinunui. Nikiridhika nalipiga alama ya mkaa, na wanawake wenzangu sokoni walikuwa wakinunua lenye alama yangu bila kuangalia mara ya pili. Nilizoea hivyo, watu kunifuata.

Sasa chanjo ya korona ilipokuja, nilitaka niidunge nione ndani yake kuna nini.

Ilikuja mwaka wa pili wa ugonjwa ule, tumeshachoka. Mpaka ulikuwa umefungwa, ukafunguliwa nusu, ukafungwa tena. Kule Malaba malori yalipanga foleni hadi madereva wakawa wanapika kando ya barabara wakisubiri majibu ya vipimo vya pua. Sisi wadogo tulihangaika na njia za panya, magunia juu ya baiskeli, mioyo mkononi. Halafu katika hali hiyo wanakwambia kuna sindano, na ni ya bure. Ya bure, jamani. Hapa kwetu hata choo cha stendi unalipia kabla hujaingia.

Nikajiuliza maswali ya mtu mzima. Mbu ametuuma tangu enzi za mababu na chanjo yake hatujaiona, huu ugonjwa wa juzi chanjo imepatikana lini? Waliijaribu kwa nani? Na mbona upande wa Kenya wanachoma aina hii na upande wetu wa Uganda wanachoma aina ile? Kama ni nzuri, si iwe moja? Jirani yangu sokoni, muuza dagaa, alikuwa na yake: eti ukichomwa, sarafu inanata begani. Huyo nilimcheka mpaka akanuna. Lakini msimamo wangu na wake ulikuwa mmoja, wote hatukutaka.

Siku moja nilienda kituo cha afya mjini, siyo kuchomwa, kuangalia tu. Nikasimama pembeni ya foleni nikimtazama sista anavyofanya kazi. Nikamwomba chupa ya chanjo. Alikuwa mpole yule dada, akanipa akasema, "Soma, mama." Nikasoma. Maandishi yenyewe kama mguu wa sisimizi, na tarehe ya kuharibika haikuwa mbali. Mimi nimeona kwa macho yangu pakiti za unga zikibandikwa tarehe mpya juu ya ile ya zamani. Basi nikakwaruza lebo kwa ukucha.

Sista alininyang'anya ile chupa upesi. "Mama, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni sokoni," nilimjibu, nikaondoka zangu. Watu wa foleni walinitazama, na wawili wakatoka kwenye mstari wakanifuata hadi nje kuniuliza nimeona nini. Sikuwa nimeona kitu. Niliwaambia, "Fikirieni wenyewe," kwa sauti ya mtu aliyeona.

Yote hayo yangebaki kelele zangu tu kama si mama yangu. Mama anaishi Buhehe, kwenye shamba alilotulelea, na ana ugonjwa wa sukari. Kliniki walimweleza waziwazi kwamba korona ikimpata mtu kama yeye haichezi. Hakuhitaji kuelezwa. Mwanamke waliyekuwa wakienda naye kliniki, mwenye sukari kama yeye, alikuwa ameugua Jumatatu na kufikia Jumamosi wakawa wamemzika, watu wachache wamesimama mbali mbali. Nilitaka mama achanjwe na nilitaka asichanjwe. Nikiwaza ugonjwa, naona afadhali sindano. Nikiwaza sindano, naona mtu mwenye damu ya sukari, umri umekwenda, wanamtia kitu ambacho hata mimi mwenye macho sikuweza kukisoma.

Yeye alikuwa na msimamo mmoja. "Mimi siendi mpaka wewe uende kwanza. Wewe ndiye unajua kukagua vitu."

"Bado naangalia, mama."

Jumapili baada ya Jumapili nikimtembelea ananiuliza kama bado naangalia, nami najibu bado.

Kisha ikaja amri nyingine: anayevuka aonyeshe kadi ya chanjo, au cheti cha kipimo. Kipimo kilikuwa bei ya kumkausha mtu, na majibu yanachelewa. Nilikuwa na wateja wananingoja ng'ambo. Nikaenda kwa wakala wangu, yule anayenishughulikia karatasi za mizigo, mzee wa Kikenya mwenye kalamu tatu mfukoni. Nikaanza kumlalamikia kuhusu chanjo, zilivyotengenezwa haraka, zilivyo aina aina. Akaniacha nimalize.

"Madam," akasema, "kwani wewe unataka sindano ama unataka kuvuka?"

"Nataka kuvuka."

"Basi hiyo ni maneno ya karatasi."

Kesho yake kadi ilikuwa tayari, jina langu, muhuri, sahihi ya daktari nisiyemjua. Sitakudanganya kwamba nilisikia vibaya. Kwetu mpakani karatasi ni kitu kimoja na mzigo ni kitu kingine. Karatasi inasema maharagwe magunia kumi, kwenye baiskeli yako kumi na nne, na anayekagua na anayekaguliwa wote wanajua, maisha yanaendelea. Niliichukua kadi kama ninavyochukua karatasi nyingine yoyote, nikaitia kwenye pochi. Mimi ninayekwaruza lebo za watu, hata sikuisoma.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Buhehe. Nilikuwa natafuta simu kwenye pochi, kadi ikatoka nayo ikaanguka mkekani. Mama aliiokota. Hajui kusoma Kiingereza lakini muhuri anaujua, na kadi ile alishaiona kwa wenzake wa kanisani.

"Umechanjwa?"

Kwa mama, kadi ni kadi. Anayo yake ya ubatizo, ya kliniki, zote amezifunga kwenye nailoni moja na hakuna iliyosema uongo. Ningemwambiaje kwamba hii nimeitengeneza? Mama yangu ni mtu wa kanisa, angenikalisha chini pale pale, ukubwa wangu wote, anipe maneno yangu. Niliona aibu. Aibu tu, hakuna kingine cha kuficha.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Juzi."

"Na hukuniambia."

"Nilisahau."

Aliirudisha kadi kwa mikono miwili. Nikadhani yameisha. Alhamisi akanipigia simu, sauti yake imechangamka. "Nimetoka kuchanjwa sasa hivi. Hata haiumi. Mwiba unauma zaidi."

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia. Muuza dagaa akaniuliza nani amekufa.

Ijumaa mama akaanza homa. Nilikodi bodaboda mpaka Buhehe, nikamkuta barazani jua linawaka, yeye kajifunika blanketi anatetemeka, bega limevimba. Nilijiambia, nimemuua. Kwa kinywa changu nimemuua mama. Na yeye ndiye aliyekuwa ananituliza mimi.

"Usiogope, si ndiyo inavyofanya?" akasema. "Wewe ilikushika siku ngapi?"

Sikuwa najua. Nilitaja tu. "Mbili."

"Basi kesho naamka."

Kesho yake hakuamka. Jumapili pia mwili ulikuwa umelegea, chakula hataki, akaanza kunitazama kwa macho ya woga ambayo sijawahi kuyaona kwake. "Ulisema mbili," akaniambia. "Mbona yangu imepita mbili? Kuna kitu ndani yangu kimekataa." Mbili yenyewe niliiokota hewani, na mama yangu alikuwa amelala pale anajipimia kifo nayo. Ningesema kweli wakati huo angetulia, maana hakukuwa na mbili yoyote. Badala yake nilimpikia uji, nikamwambia watu wanatofautiana, nikatoka nyuma ya jikoni nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga.

Jumatatu homa ilishuka. Kufikia Jumanne alikuwa anapalilia ndizi na kunigombeza kwa nini sijarudi kazini.

Nikarudi. Na njiani, juu ya bodaboda, nilijishika nikiwaza jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilikuwa nawaza: kumbe haiui. Mwenye sukari, mwenye umri, na amepona. Nilikuwa najumlisha na kutoa kama mtu anayetazama punje kiganjani. Nilikuwa nimemdunga mama yangu nikaangalia kinachotoka.

Hata hivyo sikwenda kuchanjwa. Kadi si nilikuwa nayo? Nilivuka nikarudi, nikavuka nikarudi, na sokoni wakajua kwamba nimechanjwa, maana mama alikuwa akimsimulia kila mtu. Muuza dagaa akaenda. Aliniambia, "Kama wewe na ukorofi wako umekubali, mimi ni nani?" Nikamwitikia.

Ilipofika siku ya sindano ya pili mama akanipigia. "Njoo na kadi yako. Tarehe zetu zinakaribiana, twende wote." Ningeweza kusema nina mzigo. Sijui kwa nini sikusema. Labda nilikuwa nimechoka kumkwepa, labda nilitaka nichomwe ile ya pili kimya kimya nimalize uongo wangu huko. Nilienda.

Kituo cha Buhehe, alikochomewa mama ile ya kwanza, kilikuwa na watu wachache asubuhi ile. Sista alikuwa msichana wa miwani, ana haraka lakini ana adabu. Akachukua kadi ya mama, akaangalia, akaandika. Akachukua yangu. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mama, hii yako haina aina ya chanjo. Muhuri upo, tarehe ipo, aina hakuna. Ya kwanza walikuchoma ipi?"

Nikainama kusoma. Kweli, mstari ule ulikuwa mtupu. Wakala na kalamu zake tatu hakuujaza.

Mama akanijibia. "Huyu ndiye alitangulia. Mimi nilimfuata yeye. Mchome tu kama yangu."

"Jaja, bibi yangu, siwezi kubahatisha," sista alimwambia kwa upole. Kisha akanigeukia mimi, akapunguza sauti. "Sema ukweli tu. Mimi si polisi. Nisije nikakuchoma kitu kisichokufaa."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni lake la kanisani mpaka begani, anasubiri, hana wasiwasi wowote, ananitazama anataka nitaje jina la dawa ili tumalize turudi nyumbani. Watu wawili nyuma yetu walisogea kusikiliza.

"Sijawahi kuchanjwa," nikasema.

Sista alivuta fomu mpya.

"Na hiyo kadi?" mama akauliza.

"Ni ya kuvukia tu, mama."

Alifikiri. Niliona anafikiri, anarudi nyuma siku moja moja: mkeka, simu, homa, ile mbili yangu. Ilimchukua muda. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa nayahitaji. Hakunitukana. Aligeuka kwa sista akamwambia, "Anza na mimi tena," akatoa bega.

Akachomwa. Nikachomwa mimi. Sikuomba kuona chupa.

Walituketisha kwenye benchi nje, tusubiri kidogo waone kama tuna shida. Niliikalia mikono yangu. Mama alikuwa upande wangu anatazama barabara, pamba ndogo ameibana begani kwa kidole. Nilidhani hatasema nami tena.

"Unaogopa?" akauliza kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, ili wengine wasielewe.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi siku ile niliogopa," akasema. "Nilikaa hapa hapa, peke yangu. Nikajiambia, mwanangu ameshapita hapa."