Sauna Kwanza

Ilpo Kemppainen alizaliwa katika fleti ya kupanga, akaoa akiwa katika fleti ya kupanga, na mvi zilipoanza kumtoka akasema liwalo na liwe, hatakufa huku anasikiliza choo cha jirani kikimwagika juu ya kichwa chake. Akanunua kiwanja kando ya changu, hapa Puolanka, kaskazini kwenye baridi kali.

Siku ya kwanza alikuja na mkewe Sirpa na binti yao mdogo, Enni. Sirpa alizunguka kwenye majani marefu akipanga vyumba kwa mkono. "Jiko hapa. Enni atalala upande wa jua." Alikuwa anacheka waziwazi, jambo ambalo sisi huku tunalionea haya, na nikampenda papo hapo.

Walipatana mbele yangu. Sirpa na mtoto wangekaa kwa dada yake mwaka mmoja. Nyumba ikisimama, wanahamia.

"Na isiposimama?" Ilpo akamtania.

"Isiposimama nitajua," Sirpa akasema. "Umeniahidi nyumba tangu tuko wachumba, Ilpo. Nimechoka kuishi ndani ya ahadi."

Majira ya joto Ilpo alifanya kazi kama punda. Akachimba, akapanga matofali ya msingi, akamwaga zege, na sakafu ikatoka laini ya kupendeza. Kilichobaki kabla ya baridi kilikuwa kuufunika msingi ule kwa mbao za povu za kuzuia baridi, alizokwisha kuzinunua. Badala yake nikamwona upande wa pili wa kiwanja anapima magogo ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke.

"Ilpo, funika msingi kwanza," nikamwambia. "Udongo wa hapa umelewa maji. Ukiganda unavimba, unainua hata kanisa."

"Nitafunika, mzee. Ngoja nimalize sauna. Mtu ataoga wapi?"

"Kwangu. Sauna yangu ina mlango, na unafunguka."

"Kila Jumamosi nikabishe hodi na taulo begani? We Kalervo, unataka watu wanicheke?"

Hapo alikuwa na haki. Huku kwetu asiye na sauna hana kwake, hata awe na ghorofa. Babu zetu wote walijenga sauna kwanza, wakaishi humo, wakazalia watoto humo, nyumba ikaja baadaye. Lakini babu zetu waliziweka nyumba zao juu ya mawe, na baridi ikisogeza jiwe unalirudisha kwa kulisukuma na mti. Zege halirudishwi. Nilimwambia hilo pia, nikamwambia kwa hasira, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Zile mbao za povu zikaishia kwenye kuta za sauna. Ilikuwa sauna nzuri, siwezi kusema uongo, iliyonukia msonobari hadi barabarani.

Baridi ikaingia kavu, bila theluji. Theluji ilipoanguka hatimaye nikashukuru, kwa maana theluji nene ni blanketi, na niliona pengine msingi utapona kwa rehema tu. Jumapili hiyo Sirpa akaja na mtoto. Ilpo akachukua koleo akafagia sakafu yote, ikabaki zege tupu, ili mkewe na binti yake wapate kutembea nyumbani kwao. Enni alikuwa anaruka kutoka chumba hadi chumba akifunga milango isiyokuwepo.

Nilitoka nje bila kofia. "Rudisha theluji! We mtu, rudisha!"

"Mzee, umeona wapi mtu anaimwagia nyumba yake theluji?" Ilpo akacheka, na Sirpa naye akacheka.

Kila Jumapili akafagia. Zile zilikuwa siku zao za furaha, na ndizo zilizowamaliza.

Theluji ilipoyeyuka Ilpo aliniita. Sakafu ilikuwa imepasuka kutoka jikoni hadi chumba cha Enni, upande mmoja umenyanyuka, na ngumi yangu iliingia kwenye ufa. Matofali ya ukingoni yalikuwa yamelala ubavu.

"Tunaziba, si ndiyo?" akaniuliza.

"Hapa hakuna kuziba, Ilpo. Ni kuvunja."

Jumapili akawasha sauna tangu asubuhi, akafua taulo, akamngoja mkewe. Sirpa alisimama penye ufa. Natamani angepiga kelele. Aliutazama ule moshi uliokuwa unapanda kwenye bomba la sauna, akasema kwa sauti ya chini, "Ulichokitaka umekijenga."

"Sirpa, nipe mwaka mmoja tu."

Akamshika mtoto mkono. Enni alikuwa anageuka nyuma. "Mama, chumba changu kimefanya nini?" Gari likaondoka, wala hawakurudi Jumapili iliyofuata, wala nyingine.

Nilimfuata Ilpo saunani, nikapanda benchini kando yake. Nilishaongea na majirani. Kwetu ukiita watu kwa kazi ya pamoja hakuna anayekataa, wanakuja na nyundo zao na wewe unapika supu tu.

"Tuwaite," nikamwambia. "Tunavunja, tunamwaga upya, na safari hii nafunika mimi mwenyewe. Kabla ya baridi una kuta."

Akamwaga maji kwenye mawe. Mvuke ukatuzonga, tukainamisha vichwa hadi ukatulia.

"Watakuja, najua," Ilpo akasema. "Na wakiniuliza chumba cha upande wa jua ni cha nani, niwaambie nini?"