Mekyuri nyekundu ya nyumbani kwetu Benaco ilivyotaka kuvunja posa ya dada yangu

Wakuu, heshima kwenu wote, mliopo kazini na mnaojifanya mpo kazini.

Kwanza niungame. Kuna kipindi niliamini, kama ninavyoamini kesho kutakucha, kwamba mekyuri nyekundu ukiiweka mbele ya kioo haionekani. Na ukiisogezea kitunguu saumu inakimbia yenyewe, kama kifaranga aliyeona mwewe. Na kijiko kimoja tu kinatosha kununua wilaya nzima ya Biharamulo, na chenji ukapewa Ngara.

Habari hizi nilizipata kwa kinyozi. Mtu akishakuwekea wembe shingoni huwezi kumbishia.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwetu. Chumvi nitaongeza, sikatai, ila ni ya kuonjea tu. Mchuzi wenyewe ni wa kweli.

Kwetu ni karibu na Benaco, kule kulikokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi. Baba yangu anaitwa Bukuru, na kwa sisi Wahangaza ukisikia Bukuru jua ni pacha wa kwanza. Wa pili ni Butoyi, ambaye ndiye baba mdogo wangu. Mapacha kwetu hawabaguliwi. Ukimpa mmoja shati, mwenzake naye apate shati. Ukimpa mmoja paja la mbuzi, tafuta paja la pili. Ukikosea, likitokea balaa usiulize limetoka wapi.

Basi wazee wetu wale wamekua hivyo mpaka mvi. Mashamba yao yamepakana, migomba kwa migomba, na chakula cha jioni wanakula sinia moja. Wake zao wanapokezana kupika. Mali hawana. Mbuzi wanne, redio moja inayoshika mvua kuliko stesheni, na hiyo migomba.

Mimi ndiye msomi wa ukoo. Mchana nauza mitumba Biharamulo mjini, na jioni nilikuwa naingia darasani na watu wazima wenzangu hadi nikapata cheti cha kidato cha nne. Kemia nilipata D. Kwa wasiojua, D ni kufaulu.

Baba alikitia cheti changu kwenye fremu akakitundika sebuleni. Tangu siku ile, jambo lolote la dunia na vilivyomo naulizwa mimi. Mbuzi akikohoa, napigiwa simu.

Sasa sikieni.

Dada yangu Yustina alikuwa anaposwa. Kijana ametoka Mabawe, mpole, ana shamba lake, hana makuu. Wageni walikuwa waje Jumamosi ya wiki ya pili, na huwezi kupokea posa kwetu bila urwagwa, yaani pombe ya ndizi. Kwa hiyo ndizi zikakatwa, na wazee wakaanza kuchimba shimo la kuziivishia.

Walichimba palepale mpakani, kati ya shamba la huyu na la yule, kwa sababu shimo lao siku zote huwa ni la wote wawili.

Wakakuta chuma.

Kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima, kinene kama mchi, kizito, kimejaa kutu. Ukikitikisa kuna kitu kinacheza ndani, chwa chwa chwa. Na upande mmoja kinatoa tone la kunata, jekundu.

Simu ikaniita Biharamulo. Baba alikuwa ananong'ona.

"Njoo nyumbani. Bibi yako amekufa."

"Baba, bibi si alikufa nikiwa darasa la tatu?"

"Amekufa tena! Njoo!"

Nikajua ni jambo zito. Nikafunga meza ya mitumba, nikapanda gari, na mchana wake nipo Benaco.

Wakanionyesha kile kitu ndani, kimefungwa kwenye kanga ya mama. Nikakitikisa. Chwa. Nikaona tone jekundu. Nikakumbuka mekyuri nyekundu ya kinyozi.

"Hii," nikasema kwa sauti ya kidaktari, "lazima tuipime."

Mama akaleta kioo. Kioo chetu ni kipande kilichobaki baada ya kuvunjika, ukubwa wake kama kiganja. Nikakisimamisha, nikachungulia. Naona paji la uso la baba. Nikageuza. Naona fremu ya cheti changu. Nikageuza tena, naona sikio la baba mdogo. Chuma hakipo!

"Haionekani," nikatangaza.

Mama mdogo akapiga kigelegele, akazibwa mdomo.

Kikaja kitunguu saumu. Chuma tulikuwa tumekiweka juu ya jiwe la kusagia. Wakuu, nilipokisogezea kitunguu, kile chuma kiliondoka. Kilibingirika chenyewe hadi chini!

Leo ukiniuliza nitakwambia lile jiwe limelala upande kama paa la nyumba, hata yai huwezi kuliweka pale. Siku ile hakuna aliyeliangalia jiwe. Tulikuwa tumeshapiga magoti.

Nikatoa amri moja: asijue mtu yeyote. Si jirani, si mwenyekiti wa kitongoji, si mtu wa barabarani. Mimi nitatafuta mnunuzi taratibu.

Utajiri ulianza palepale, kabla hata ya hela.

Baba alikuwa anasalimiwa shikamoo njiani, anajibu kwa kuinua nyusi. Marahaba aliiona ni ndefu, mtu tajiri hana muda. Mama akaacha kumpa chumvi jirani yake wa miaka ishirini, akidai watu waliozoea vya bure wanaleta mkosi. Baba mdogo ndiye alinishinda. Alikaa kwenye kigoda akashika mfuniko wa sufuria, anakata kona. Nikamuuliza anafanya nini.

"Najizoeza," akasema. "Gari likija nisianze kuhangaika."

Ilikuwa raha kwa siku mbili. Siku ya tatu baba mdogo akauliza swali.

"Kaka Bukuru, hivi kile kitu kilikuwa upande gani wa mpaka?"

Hilo swali, wakuu, ndilo lililotufukarisha.

Ndizi wangegawana nusu kwa nusu, wamezoea. Paja la mbuzi wangegawana. Lakini chuma hukikati. Na mimi msomi niliwaambia ukikitoboa tu mekyuri inaruka kama moshi, hamtaiona tena. Kwa hiyo lazima kiwe cha mmoja, halafu huyo mmoja ndiye amgawie mwenzake. Na hakuna aliyekubali kugawiwa.

"Kilikuwa kwangu, kichwa kimeelekea kwangu," akasema baba.

"Kichwa kipi? Chuma kina kichwa? Mkia ndio ulikuwa kwako!"

"Butoyi, mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa kwa dakika ngapi? Sema tena watu wasikie, ni dakika ngapi!"

Walinigeukia mimi niamue. Na hapa ndipo nilipowamaliza kabisa. Nikitaka kuwatuliza, nikawaambia wasigombane, mekyuri huwa haikai peke yake ardhini, lazima ina mwenzake karibu. Sijui hicho kitu nilikitoa wapi. Kilikuja tu mdomoni, kikasikika kama kitu cha kitabuni.

Asubuhi yake niliamshwa na jembe. Nikatoka. Baba anachimba upande wake, baba mdogo anachimba upande wake, wamepeana migongo. Hawakuwa wanachagua pa kuchimba. Mgomba uliokuwa njiani uliangushwa, hata ule wenye mkungu mchanga.

Kufikia jioni ya pili shamba letu lilikuwa kama kiboko amepita na familia yake. Migomba niliyohesabu mimi ni arobaini, na nikaacha kuhesabu kwa sababu mama alikuwa anahesabu pia, analia.

Lile shimo la kuivishia likawa mgodi. Ndizi za urwagwa zilizokuwa zimelundikwa pembeni zikapigwa jua, zikaoza, mbuzi wakazila. Mbuzi wawili walivimba tumbo wakafa. Tukabaki na wawili, na hao wawili nao wakaanza kugombewa ni wa nani.

Siku ileile baba mdogo akafunga uzio wa matete kati ya nyumba zetu. Jioni sinia likaja, baba akakaa akasubiri. Akasubiri hadi ugali ukaota ngozi. Kisha akala upande wake tu, akaacha upande wa pili kama ulivyo.

Hapo hapakuwa na utani, wakuu. Nilimwangalia mzee wangu nikatamani kile cheti kishuke ukutani.

Yustina alinifuata nyuma ya nyumba. Dada yangu huyu haongei sana, ila akiongea unatafuta pa kushika.

"Kaka, wageni wanakuja Jumamosi."

"Najua."

"Nani atawajibu?"

Niwaeleze wasiojua. Kwetu baba mzazi hafungui mdomo kwenye posa ya binti yake, asije akaonekana anamuuza. Anayesema ni ndugu yake, baba mdogo. Asiposema huyo, posa haijajibiwa, na posa isiyojibiwa inarudi ilikotoka.

"Nitaongea naye," nikasema.

"Usiongee," akasema Yustina. "Uliyoongea yanatosha. Nenda kamsikilize."

Nikaenda hadi kwenye uzio. Baba mdogo hakunikaribisha. Alisema kupitia matete: "Mwambie baba yako aiite hiyo mekyuri imsemee."

Nilijaribu Jumatano, nikajaribu Alhamisi. Ijumaa alitoa sharti: chuma kiletwe kwake, ndipo aje. Baba akasema afadhali Yustina azeeke nyumbani. Yustina alikuwa anafagia uwanja, akasikia. Aliendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Jumamosi wageni wakaja.

Walikuja saba, wamevaa vizuri, wakapita katikati ya mashimo kwa kushikana mikono. Mmoja akauliza kwa adabu kama tunajenga. Mama akasema ego, yaani ndiyo, tunajenga. Mungu amsamehe.

Urwagwa hakuna, tukawapa soda. Msemaji wao akasimama, akasema maneno yake matamu ya kuomba maji ya kunywa na mahali pa kukaa, akamaliza, akaketi.

Zamu yetu ikafika.

Baba anatazama miguu yake. Kiti cha pembeni yake kitupu. Msemaji akakohoa, akasimama akarudia maneno yote upya, labda hatukusikia. Nikaona wale wageni wanaanza kutazamana, na mzee wao mmoja akashika fimbo yake ya kutembelea. Huyo ndiye mtu anayeaga. Mlangoni kwa ndani, Yustina amesimama na kitambaa kichwani, anasubiri kuitwa.

Hapo uzio ukaanguka. Baba mdogo aliupitia katikati, akaingia uwanjani, akasema mbele ya wakwe: "Kabla hamjampa huyu heshima, muulizeni ameficha nini chini ya kitanda!"

Baba akainuka. "Mwizi wa mipaka!"

"Mwizi ni wewe, uliyeniwahi hata kuzaliwa!"

Wakashikana, wakuu. Wazee wa mvi, mapacha, mbele ya wakwe. Na kwa vile wanafanana, mimi niliyekimbilia kumsaidia baba nilimshika baba mdogo, halafu nikamwachia nikamshika ambaye naye alikuwa baba mdogo.

Niweke somo hapa hapa, kwa sababu mkishajua mwisho mtaanza kucheka na hamtanisoma.

Kutoka kwetu hadi barabara kuu ya malori yanayokwenda mpakani Rusumo ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa. Pale mafundi wamejaa. Tungemuuliza mmoja, bure, tungekuwa na migomba yetu na mbuzi wetu. Hatukuuliza kwa sababu tuliogopa atataka mgao. Ukiona kitu huwezi kumwonyesha mtu yeyote, jua hicho ndicho cha kumwonyesha mtu. Na la pili ni langu binafsi: D ni kufaulu, lakini haikunifanya nijue kila kitu.

Wenye migomba watakaonicheka, karibuni, ila semeni na nyie mlichowahi kuchimba. Najua siko peke yangu humu. Na kama kuna mwenye machipukizi ya ndizi za pombe ya kuuza, anijibu hapa hapa, tunapanda upya.

Yustina ameolewa, msiwe na wasiwasi. Posa ilijibiwa siku ileile, na aliyeijibu ni baba mdogo, tena kwa maneno mazuri hadi msemaji wao akaomba arudie. Jioni ile wazee walikula sinia moja, hawasemeshani, ila mikono ilikuwa inakutana kwenye mchuzi.

Aliyewatenganisha hakuwa mimi. Alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene aliyekuja na wageni wale, ambaye anauza chai na chapati kwenye maegesho ya malori. Wakati sisi tunavutana, yeye aliingia ndani bila kuomba ruhusa, akatoka na kile kitu, kanga imeshafunguka. Alikishika kwa mkono mmoja kama mwiko. Baba alikuwa bado ameshika kola ya baba mdogo.

Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo, tafadhali kiweke chini polepole, hiyo ni mekyuri nyekundu."

Akanitazama, akakitazama, akakinusa. Akajifuta lile tone jekundu kwenye kidole.

"Marahaba, mwanangu. Hii ni shokapu ya lori. Hiki chekundu ni oili yake."