Msomaji wa Gazeti la Jumapili

Peninah alijifunza kusoma ili abatizwe. Wamisheni hawakumbatiza mtu asiyejua kusoma Injili, naye aliisoma kwa hamu kubwa hata akaamini kwamba neno likishapigwa chapa haliwezi kuwa la uongo.

Mwaka wa 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa kilima chao, huko Embu upande wa msituni, ikawafungia katika kijiji kilichozungushiwa mtaro. Mumewe alikuwa tayari kizuizini. Kati ya wanawake waliobaki, wachache sana walijua herufi, kwa hiyo hedimani Kivuti, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alimchagua Peninah awasomee watu gazeti la serikali kila Jumapili baada ya ibada. Alilisoma kwa sauti ile ile aliyosomea Zaburi. Magaidi wameuawa mahali fulani. Mahali pengine wananchi wanashukuru kwa amani. Watu walisikiliza wakitazama chini.

Njuki, shemeji yake, alikuwa kiziwi tangu homa ilipomshika utotoni. Alasiri moja mbuzi wake alivuka mtaro, naye akamfuata akiwa na kamba na panga la kukatia majani. Askari waliokuwa wakipita walimwita asimame. Hakugeuka. Walimpiga risasi, wakauleta mwili wake na kuutupa mbele ya kituo cha homgadi, wenyeji waliopewa silaha na serikali kulinda kijiji, ili kila mtu auone. Peninah ndiye aliyemfumba macho.

Jumapili iliyofuata alifungua gazeti na kuanza kusoma. Karibu na mto wao, gazeti lilisema, kiongozi wa genge ameuawa akiwa na silaha, baada ya kuamriwa mara kadhaa ajisalimishe na kukataa kwa ukaidi.

Akalishusha gazeti.

"Soma, Mama Munyi," Kivuti alisema.

"Bwana hedimani, huyu ni Njuki."

"Gazeti limetaja jina?"

"Halikutaja."

"Basi soma."

Aliyasoma maneno yale yote hadi mwisho, kisha akainua uso. "Hivyo ndivyo gazeti linavyosema," aliwaambia watu. "Aliyeandika hakuwapo. Sisi tulikuwapo, na tunajua kwamba Njuki hasikii."

Homgadi walimchapa mbele ya mwanawe Munyi, wakampeleka kuchimba mtaro pamoja na wanawake wa adhabu. Jioni Mzee Gitari wa kanisa alimletea uji. Aliufunga mlango kabla ya kusema.

"Tumeamriwa tusimsingizie jirani. Hatukuambiwa ni jirani aliye hai tu. Ulifanya sawa, binti yangu. Lakini usiseme umelisikia kwangu."

Maumivu ya mgongo hayakumsumbua kama fikira zake. Wale wote aliosoma habari za vifo vyao Jumapili zilizopita, walikuwa akina nani? Wangapi walikuwa wametoka tu kutafuta mbuzi? Na mama zao walikuwa wamesikia sauti ya nani ikiwaita magaidi?

Wanawake sasa walimsalimia kwa heshima mtoni. Kisha, mvua zilipoanza, surua iliingia kijijini, na lori la hospitali ya misheni likaja na daktari na sindano zake za kutibu kifua. Neno likaenea kutoka nyumba hadi nyumba: sindano hizo zimetiwa sumu, zinaua watoto ili kizazi kikatike.

Lydiah, jirani yake, alikuwa na mtoto mchanga aliyepumua kwa shida. Peninah alimkuta amejifungia ndani.

"Mpeleke kwenye lori, dada."

"Si wewe uliyetuambia wanadanganya?"

"Nilisema juu ya Njuki, kwa sababu nilimwona. Hii ya sindano, nani ameona mtoto aliyekufa nayo?"

"Inasemwa."

"Inasemwa na nani? Mtoto wa nani? Wa kijiji gani?"

Lydiah alimtazama kama mtu asiyemjua. "Unauliza maswali kama homgadi. Wamekuchapa hadi ukawa wao?"

Wanawake wengine walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja alitema mate chini. Peninah alieleza kwamba uongo wa serikali haufanyi uvumi wa kijijini kuwa kweli, kwamba Mungu alimpa mtu akili aipime kila habari, hata ile inayompendeza. Aliongea mpaka lori likaanza kunguruma. Lori liliondoka huku mlango wa Lydiah ukiwa umefungwa.

Mtoto alikufa alfajiri. Walimzika nyuma ya nyumba, kwa haraka, kabla ya kengele ya kazi. Lydiah alimsogelea Peninah akiwa bado na udongo mikononi.

"Gazeti ni uongo. Majirani nao ni waongo. Sasa mimi nimwamini nani?"

Peninah alitaka kumwambia amwamini Mungu, lakini alijua huyo Mungu angemwacha palepale alipo, apime mwenyewe kila neno analosikia, akiwa peke yake, na akiwa amechelewa. Hakuweza kumwambia hivyo mama aliyetoka kuzika.

Kengele ikalia. Wakachukua majembe wakaenda mtaroni, kila mmoja na safu yake. Lydiah hakumsemesha tena mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Siku ya Jumapili kijana wa homgadi alisimama na gazeti, akasoma kwa kigugumizi kwamba afya ya vijijini inaendelea vizuri, na watu wakaambiwa wapige makofi. Peninah aliuma midomo, akajaribu kuomba.