Malkia Mugeni na Maiti Nilizofagia

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na viatu vyeupe. Nilivisugua na chaki asubuhi ile, nikashuka kilima chetu cha Masisi nikiruka juu ya mawe ili visiguse matope, mupaka kwenye stasio ya kuchunguza wadudu. Shefu wa Seksio, muntu mufupi mwenye koti la kaki lililojaa mifuko, aliviangalia akatabasamu.

"Wewe njo laborantini mupya?"

"Njo mimi, Shefu."

"Unapenda usafi?"

"Sana, Shefu."

"Muzuri. Hapa usafi iko nusu ya kazi."

Hakuniambia nusu ingine ni nini, na mimi kwa kiburi changu sikuuliza. Ile ilitugharimu malkia wawili wa sisimizi.

Laborantini, yaani mufanyakazi wa maabara, zamani zile alikuwa muntu wa mikono, si wa kubonyeza simu kama ninyi vijana. Nilifua eprouvette, zile chupa nyembamba za kioo. Nilikoroga plastre, ule unga mweupe unaoganda kama jiwe, ya kutengenezea nyumba za sisimizi, nikafunika juu na karatasi nyekundu, maana sisimizi hawaoni vizuri mwanga mwekundu, wanafikiri wako gizani. Nilishika wadudu na pinseti, kile kikoleo kidogo laini, bila kuvunja hata muguu. Mama yangu alisikitika. "Umesoma miaka yote ile, unaenda kuchunga sisimizi? Ng'ombe zilikushinda?"

Nao hawakuwa sisimizi wa kawaida. Malkia wa kawaida akisharuka na kupata dume, anatupa mabawa, anajificha, analea watoto wake wa kwanza peke yake. Kuna mwingine asiyeweza. Huyo anatafuta nyumba ya sisimizi wengine, anaingia, anaua malkia wao, na wafanyakazi wa pale wanamulisha na kulea mayai yake. Wenyeji wanazeeka, wanakufa, nyumba inabaki ya watoto wake. Sisi tulimuita malkia mugeni.

Nikifika hapo, vijana huniuliza na macho yanawaka: "Papa, si ni sawa na watu fulani?" Mimi hukata palepale. Nimeishi Masisi maisha yangu yote, nimeona maneno ya namna ile yanafikisha watu wapi. Sisimizi ni sisimizi. Muntu anapiga hodi na anapewa kiti. Asiyetaka kusikia hivyo, aende akasikilize mwingine.

Shefu alikuwa na hamu moja: kuona kwa macho yake namna malkia yule anavyokubaliwa. Alibakiza mwaka mumoja tu apate pensheni. Tulimutafuta malkia yule misimu miwili ya mvua katika pori la Walikale, kwenye miti yenye viota vya mbao iliyotafunwa, vikubwa kama kitunga. Papa Ezekieli, muwindaji wa kule, njo alitupandia. Alikuwa shemasi kanisani, lakini kabla ya kukata tawi aligonga muti mara mbili na kusalimia. "Tunaingia kwa wenyewe," alisema. Mwishoni tulipata malkia wageni watatu, wadogo, wanang'aa kama maharagi yaliyotoka kuoshwa. Papa Ezekieli akatusindikiza nao mupaka Masisi, maana alitaka kujua tunawapeleka wapi.

Kazi ilianza hivi. Shefu alitoa wafanyakazi katika kiota cha wenyeji tulichotoka nacho porini, bila malkia wao, akaweka wachache katika baridi ya frigo mupaka wakafa. Zile maiti akazitia katika eprouvette ya malkia wa kwanza, akafunga na pamba, akasema tungoje siku tatu.

Asubuhi yake niliingia kufagia. Nikaona malkia analala juu ya maiti. Kwetu, bibi yangu alitufundisha kwamba nyumba yenye maiti haipokei mugeni mupaka izikwe na kufagiwa. Nikatoa zile maiti moja moja na pinseti, nikabadilisha pamba, nikajisifu. Siku ya tatu Shefu alikuta chupa safi, akafikiri maiti nimezitoa asubuhi ileile, akaingiza wafanyakazi wazima. Walimukamata malkia kwa miguu yote, kila mumoja anavuta kwake, akafa tukiangalia. Wa pili nilimufanyia usafi uleule, naye akafa vilevile.

Shefu alizeeka wiki ile. Direkta wa Stasio, muntu wa kilimo ambaye alipenda viazi kuliko watu, alisimama mulangoni.

"Shefu, huyu wa tatu akikufa, ile chumba naweka mbegu ya viazi."

"Sawa, Direkta," Shefu alijibu. "Inawezekana mi nilikosea toka mwanzo."

Papa Ezekieli, aliyekuwa bado hajarudi kwake, njo alinikuta nje nikimwaga takataka ya malkia wa tatu. Aliinama, akaokota maiti moja na kidole.

"Unatupa bile bintu juu ya nini?"

"Ni uchafu, Papa."

"Kaka, mi nikienda kuwinda, najipaka mavi ya nyama, juu isinisikie harufu. Huyu mama atajipaka nini? Umemuvua nguo, unamutuma kwa watu."

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kurudisha maiti na kunyamaza, kazi yangu ingebaki, na Shefu angeenda pensheni akiamini wale wawili walikufa kwa kosa lake. Nilimufuata ofisini.

"Shefu, maiti nilizitoa mimi. Zote, mara tatu. Niliona ni uchafu."

Akavua miwani.

"Basi njia yangu iko sawa?"

"Iko sawa, Shefu."

Akacheka mupaka machozi yakatoka, mimi nikalia machozi ya ukweli. Hakunifukuza. Alisema tu: "Toka leo, maiti haitoke mupaka mwenye kufika afike, aguse."

Tukaanza upya na yule wa mwisho. Siku tatu alijisugua juu ya maiti. Kisha tukamupa pupa, wale watoto waliolala weupe kama muchele. Walipoamka hawakujua mama mwingine. Mwishoni tukaingiza wakubwa. Mumoja alimugusa na vipembe vya kichwani, akasimama, akamugusa tena, halafu akamupa chakula mudomo kwa mudomo. Shefu alishika mukono wa shati yangu akasahau kuachia. Direkta akatafutia viazi vyake chumba kingine.

Baada ya hapo nilipanda cheo, nikafundisha wengine, mupaka vita ikafunga stasio. Sasa niko muzee wa Lushebere, nalima maharagi, na ile chumba naikumbuka sana, hata harufu ya plastre.

Shefu aliishi jirani. Alikufa musimu wa mvua uliopita, akiwa muzee sana. Binti yake anachuruza, anauza bidhaa, kule mbali Hombo, na barabara munaijua namna inavyoharibika na mvua. Wazee walitaka kuzika siku ileile, na mimi wote wananijua kwa usafi, njo sababu mujane aliniuliza: "Papa Laborantini, tuzike leo?"

"Hapana, Mama. Maiti haitoke kwanza. Mutoto bado hajafika."

Walinung'unika. Binti alifika siku ya tatu, matope mupaka magotini. Alipiga magoti, akashika mikono ya baba yake, akaweka uso katika lile koti la kaki, akakaa vile. Hakuna aliyemuharakisha, nilisimama mulangoni mimi mwenyewe. Alipoinuka tukazika, na tuliporudi nikamupa mujane ufagio.

"Sasa, Mama," nikasema. "Sasa tunaweza kufagia."