Kikwembe Yangu mu Bulangeti ya Bukwe

Masomo yangu ilikufa ku ya pili ya sekondari, na hesabu njo iliiua. Sikuyuwa kama hesabu itanifuata mpaka ku mashini ya kushona.

Ilikuwa wakati ya baridi. Mutoto yangu mwanamuke, alikuwa ameolewa hapa Likasi, alikuwa na mimba. Nikataka kumushonea kitu ya kujifunika. Rafiki yangu mumoja wa kanisa akanionyesha njia ya kushona mbio:

– Yaya, kata bikwembe ya zamani, bile bitenge ya kujifunga, bipande birefu-birefu. Shona moja ku ingine. Halafu kata tena.

– Kata tena? Minye nashona, weye unanikatisha?

– Unakata ya kupitisha, kukingama ile mishono. Kimoja unageuza juu-chini, kingine unaacha vile. Unashona tena.

– Mais sasa ile ya kwanza nilishonea nini?

Alicheka mpaka akakaa chini. Na minye nilicheka, lakini sikusikia maana yake.

Nikatoa mu sanduku bikwembe bine, na moja yenye napenda sana, ya manjano, ya bindege, yenye nilivaa siku balileta mali ya ndoa ya mutoto yangu. Nikashona, nikakata, nikageuza, nikashona. Ndege ingine ikakosa kichwa, ingine ikapata mikia mbili. Bon, ilikuwa bulangeti.

Kiisha kuibeba kwa mutoto, yeye akarudia kwangu asubui moja na uso murefu.

– Mamu, bwana yangu alilala mu ile bulangeti. Kulipokuca akaona bindege, akaruka kutoka ku kitanda: «Hii si kikwembe ya mamu ya siku ya mali?»

Nikashika kichwa. Siye bantu ya Kasai, bukwe, bwana ya mutoto yangu, hanipe hata mukono. Nikipita mu njira, yeye anahamia ngambo ingine. Kiti yenye nilikalia, haikalie. Na minye nimemufunika muzima-muzima na kilamba yangu, nguo ya mwili yangu!

– Toa basi bipande yako, Mamu.

Nitoe wapi? Kama ningeshona sawa bantu bengine, ningetoa kipande moja, mambo inaisha. Lakini na ile njia ya mbio, nilikuwa mu kila kona: juu, chini, pembeni. Nikafungua uzi moja, ingine tatu ikafunguka.

Aibu ya vile banaioshaka na kuku: mwenye kosa analetea mwenzake. Mais nani analeta kuku? Yeye alilala, minye nilishona. Mutoto hakuyuwa, na minye sikuyuwa. Na kama aibu haiyaisha, bukwe hataweza kuniita nikuye kuosha mujukulu yangu wa kwanza. 

Nikabeba kuku yangu mpaka kwabo. Mutoto akanipokea ku mulango, anashika tumbo na kicheko:

– Mamu, bwana yangu ametoka sasa hivi na kuku, anaenda kwako! Amepita ile njira ingine.

Kurudia, nikakuta kuku yake imefungwa ku lupango yangu, mu uwanja ya nyumba. Nani alilipa nani? Mpaka leo nauliza.

Mujukulu alipozaliwa, bukwe akanituma neno: mamu akuye. Namuoshaka mujukulu, namufunga mu ile bulangeti, yeye si bukwe yangu. Baba yake akitaka kumubeba, anasimama inje, anaita muke yake amutoe kwanza mu ile bulangeti. Minye niko nyuma ya mulango, naangalia ile ndege haina kichwa, natafuta kichwa ilienda ku kipande gani.